Je, Wajua? Kuta Hizi Husinyaa kwa Baridi

Vibao vya plastiki ya vinili vinavyofunika kuta za nyumba nyingi Marekani na Kanada havina urefu mmoja mwaka mzima. Kibao cha mita 3.66 chaweza kupungua kwa zaidi ya milimita 12 kutoka joto la Julai hadi baridi kali ya Januari. Huo ni karibu upana wa kidole!

Ndiyo maana fundi hodari hakazi msumari. Tundu lake si la duara; ni mwanya mrefu. Msumari hupigwa katikati ya mwanya, na kichwa chake huachwa mbali kidogo na kibao, karibu milimita moja. Kibao kinaning'inia, kikiwa huru kusogea kushoto na kulia. Ukikikaza, baridi itakivuta hadi kipasuke penye msumari. Joto likirudi, kitafura mawimbi. Inauma kuona ukuta mpya ukiharibika kwa pigo moja la nyundo lililozidi.

Anayefunga vibao wakati wa baridi huacha nafasi ya karibu milimita 10 kwenye ncha, badala ya 6 za kawaida. Kiangazi kitaijaza.

Baridi huipokonya vinili unyumbufu wake pia. Kibao kinachobonyea na kurudi wakati wa joto, kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri chaweza kuvunjika kikigongwa. Jiwe dogo lililorushwa na mashine ya kuondoa theluji latosha kukitoboa.

Na plastiki hiyo imetoka wapi? Zaidi ya nusu ya uzito wa resini yake ni klorini, ambayo hutengenezwa kwa chumvi.