Magurudumu au Watu? Jinsi Kundi Linavyoendesha Baiskeli Milimani

Kwetu nyumbani baiskeli ni punda wa chuma. Alfajiri hubeba mitungi ya maziwa, adhuhuri hubeba gunia la viazi, na jioni humbeba mwenyewe pamoja na mkewe na kuku wawili waliofungwa miguu. Ndiyo sababu nilipomweleza mama kwamba tutatoka vijana kumi na mmoja, kila mtu na baiskeli yake, bila mzigo wowote, twende msituni na kurudi jioni tukiwa na matope mpaka masikioni, alinitazama kwa muda kisha akauliza, "Na huko mnaenda kuleta nini?"

Swali hilo lilinishinda siku ile. Leo nitajaribu kulijibu, ingawa sehemu ya jibu lenyewe inanitia aibu.

Ama kwa hakika, mchezo huu si mkongwe sana. Ni kweli kwamba watu walianza zamani kupeleka baiskeli mahali ambapo lami haijafika. Huko Uingereza, mwaka wa 1955, wapenzi wa njia mbovu walikutana mjini Leominster wakaunda chama chao kilichoitwa Rough-Stuff Fellowship, wakawa wanatembea pamoja kwa baiskeli mashambani na milimani. Lakini baiskeli ya milimani tunayoijua siku hizi, yenye tairi nene za meno na gia nyingi, chimbuko lake ni Marin, katika jimbo la California, Marekani. Vijana wa huko walikuwa wakitafuta baiskeli kuukuu za miaka ya 1930 na 1940, wanazipandisha mlimani, halafu wanashindana kuteremka. Tarehe 21 Oktoba 1976 walianzisha mashindano kwenye mteremko mmoja wa zaidi ya kilomita 3. Breki zao zilikuwa zile za kukanyaga pedali kinyumenyume, nazo zilipata moto hadi grisi ya ndani ya gurudumu ikaungua na kutoa moshi! Baada ya kuteremka ilibidi kufungua gurudumu na kulipakia grisi upya. Mteremko huo ukaitwa Repack, yaani pakia tena. Mmoja wa vijana hao, Joe Breeze, aliunda mwaka wa 1977 fremu mpya kabisa kwa ajili ya mchezo huo. Haikupita hata miaka 20, mchezo wa wahuni wa mlimani ukaingia Olimpiki, mjini Atlanta mwaka wa 1996.

Hapa Kenya jina ambalo kila mpanda baiskeli hulitaja ni David Kinjah. Katika kijiji cha Mai-a-Ihii, karibu na mji wa Kikuyu, nyumba yake ya mabati iligeuka karakana na shule kwa wavulana wengi, nao wakajulikana kama Safari Simbaz. Walitengeneza baiskeli pamoja na kuziendesha pamoja katika njia za mashambani. Miongoni mwa wavulana waliomfuata Kinjah alikuwamo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi mwaka wa 1985, ambaye baadaye alishinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Watu humkumbuka Froome wakalisahau lile kundi. Mimi naona kundi ndilo lililokuwa darasa.

Haya, sasa tuingie kundini tuone mambo yanavyokwenda.

Wa kwanza ni kiongozi, naye si lazima awe mwenye mbio kushinda wote. Sifa yake ni kuijua njia: wapi pana daraja la magogo, wapi pana ng'ombe, wapi mvua imekula ukingo. Wa mwisho sisi tunamwita mchungaji. Huyu hubeba pampu, viraka, gundi, tyubu ya akiba na kifaa cha kuungia cheni, na haruhusiwi kumpita mtu yeyote, hata kama miguu inamwasha vipi. Akisimama mtu, mchungaji naye anasimama.

Tatizo la njia za mashambani ni njia panda. Barabara kuu ina vibao, lakini kijia cha ng'ombe kina nini? Kwa hiyo kundi hutumia mbinu ya kigingi. Kiongozi anapofika njia panda, anayemfuata nyuma husimama hapo na kunyoosha mkono kuonyesha upande wa kwenda. Hangoki. Wengine wanapita mmoja mmoja, na mchungaji akishatokea ndipo kigingi anapoingia mbele yake na kuendelea. Kwenye njia panda inayofuata aliye nyuma ya kiongozi wakati huo ndiye kigingi mpya. Ukiitazama mbinu hii utaona kwamba kiongozi hana haja ya kugeuza shingo kila saa, na kila mtu hupata zamu ya kuwa mbele na zamu ya kuwa nyuma. Mpanda pole hapotei hata akiachwa nusu kilomita.

Kuhusu kuendesha kwenyewe, wanaoanza wana makosa yale yale. Wanangoja mpaka kilima kimewashika ndipo wanabadilisha gia, cheni inalia "kra kra" na kuruka. Gia ndogo huwekwa kabla ya mlima, si katikati yake. Kwenye mteremko wanakaa kitako kama walio sebuleni. Simama juu ya pedali, zote mbili ziwe sawasawa, kiwiliwili kirudi nyuma ya kiti, magoti na viwiko vilegee ili vimeze mitikisiko. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa kuwa unapofunga breki uzito wote hukimbilia mbele. Lakini ukiibana ghafla penye matope, gurudumu linateleza nawe unakwenda kuonja udongo. Punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa kwenye kona achilia. Na macho yatazame unakotaka kwenda. Ukilitazama jiwe, utaligonga. Sijui kwa nini, lakini wote tumeligonga. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, ila wahenga hawakupanda baiskeli. Baiskeli ikienda pole kupita kiasi kwenye mawe, inaanguka.

Sasa nije kwenye ile aibu niliyoitaja.

Ilikuwa likizo ya Aprili. Tulianzia Kimende tukaingia msitu wa Kereita, kule kusini mwa safu ya Aberdare. Tulikuwa kumi na mmoja, na mdogo wetu alikuwa binamu yangu wa Kidato cha Kwanza aliyeazimwa baiskeli. Mwendo wa kama saa moja hivi tulikutana na mwanamke mzee aliyebeba mzigo wa kuni mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Kiongozi wetu alishuka, sote tukashuka, tukaziegemeza baiskeli kwenye majani tukamwamkia: "Shikamoo, shosho." Akajibu, akapita. Mmoja wetu akanong'ona kwamba tunapoteza wakati.

Mbele kidogo palikuwa na njia panda na mimi ndiye niliyekuwa kigingi. Mvua ikaanza, ile mvua ya huko inayouma kama sindano. Wakapita, wakapita, mchungaji akatokea. Nikamwuliza, "Wote?" Akasema, "Wote." Nikaruka juu ya baiskeli tukaenda. Sikuhesabu. Naye hakuhesabu. Kumbe binamu yangu alikuwa ameingia kichakani kidogo kujisaidia, baiskeli yake ameilaza kwenye majani, na mchungaji akampita asimwone.

Tulipofika pahali pa kupumzika kiongozi akahesabu: kumi. Akahesabu tena. Kumi. Msomaji, msitu ule una ndovu. Tulirudi mbio huku moyo ukinidunda, nikifikiria nitamwambia nini shangazi. Kwenye njia panda tukaona alama ya tairi kwenye matope: ilikuwa imeshika kushoto, ilhali sisi tulikwenda kulia. Tulifuata alama hiyo tukiita kwa sauti, hadi tukasikia sauti ikijibu. Alikuwa yule shosho. Alikuwa amemkuta kijana akirandaranda na cheni iliyokatika, akamkalisha chini ya mti kando ya mzigo wake wa kuni, akakataa asiende popote. "Niliwajua wenzake," alisema, "ni wale waliosimama wakanisalimu." Halafu akatugeukia: "Lakini nyinyi watoto, mnahesabu magurudumu ama mnahesabu watu?"

Hatukuwa na jibu. Tulisema pole, shosho, tukambebea kuni zake hadi ukingo wa msitu.

Tangu siku hiyo naielewa vizuri zaidi kanuni moja ya mashindano ya Cape Epic huko Afrika Kusini. Mashindano hayo yalianza mwaka wa 2004, huchukua siku nane, na watu hushindana wawili wawili. Wenzi hao hawaruhusiwi kuachana kwa zaidi ya dakika mbili. Uwe na miguu ya simba namna gani, ukimwacha mwenzako nyuma unaadhibiwa. Mwanzoni nilidhani ni sheria ya kuwabana wenye mbio.

Jambo lingine linalohitaji kuelezwa ni haki ya njia. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka wa 1968 iliwaruhusu wapanda baiskeli kutumia njia za farasi za mashambani, kwa sharti kwamba wawapishe wanaotembea kwa miguu na waliopanda farasi. Kwetu sheria ni adabu. Aliyebeba mzigo hupishwa, ng'ombe hupishwa, mtoto wa shule hupishwa, na kwenye kijia chembamba anayeteremka humpisha anayepanda, kwa sababu aliyekatizwa kilimani ni vigumu kuanza tena. Piga kengele ukiwa mbali, si ukiwa mgongoni mwa mtu.

Mvua kubwa ikishanyesha, afadhali kundi likae nyumbani siku moja au mbili. Tairi huchimba mfereji kwenye udongo laini, maji ya mvua inayofuata yanaufuata mfereji ule ule, na baada ya msimu mmoja kijia kimekuwa korongo. Anayeumia si sisi tunaokuja Jumamosi. Ni yule anayepitisha maziwa hapo kila siku.

Tena njia nyingine zina wenyewe waliozipigania. Wanaoendesha baiskeli ndani ya msitu wa Karura, Nairobi, wanapita mahali ambapo Wangari Maathai na wenzake walipigwa Januari 1999 walipokwenda kupanda mti kupinga unyakuzi wa ardhi hiyo. Wenye hamu ya wanyama nao wana Hell's Gate, karibu na Naivasha, mbuga ya taifa tangu mwaka wa 1984, ambako mtu huruhusiwa kupita kwa baiskeli katikati ya pundamilia na twiga bila gari. Nyati wapo pia, kwa hivyo usijifanye shujaa.

Binamu yangu hakuacha mchezo, ingawa shangazi alitaka aache. Likizo iliyofuata aliomba mwenyewe awe mchungaji. Ana filimbi shingoni na kabla ya kuondoka hutupanga mstari kama mwalimu wa zamu, anatuhesabu kwa kutugusa kofia. Likizo ijayo tunakwenda tena, na wanachama watakaotaka kuja wanakaribishwa. Njoo na helmeti, tyubu mbili, maji na chapati za kutosha. Breki zikaguliwe na fundi mapema, si asubuhi ya safari. Na baiskeli ya baba iombwe kwanza.