Kumfundisha Mgeni Kiingereza na Habari za Jamaa Yake

Vitabu vingi vya kumwanzisha mtu Kiingereza hufuata mpango mmoja. Baada ya maamkio na hesabu huja somo la jamaa: baba, mama, ndugu, watoto. Kwa mtoto wa shule somo hili ni jepesi. Kwa mtu mzima aliyekimbia nchi yake, laweza kuwa zito kuliko yote.

Nilipokuwa masomoni Marekani, nilikuwa nikisaidia jioni kufundisha darasa la watu wazima waliohamia huko. Wengi wao walikuwa Wakongo waliopata kukaa kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Kongo. Kiswahili walikijua, nami nikawa mkalimani wao.

Kwanza, maneno hayalingani. Neno "uncle" hubeba baba mkubwa, baba mdogo na mjomba pia. Neno "brother" halisemi nani alitangulia kuzaliwa. Kwetu mtoto wa ndugu yangu ni mwanangu, wala sina haja ya kueleza zaidi. Kwa Kiingereza huyo ni "nephew", si "son".

Tofauti hiyo si ya darasani tu. Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kuwaunganisha wakimbizi na jamaa zao, baada ya vipimo vya nasaba vilivyofanywa Afrika kuonyesha kwamba wengi walioandikwa kuwa jamaa hawakuwa wa damu moja. Mpango ulirudishwa mwaka 2012, kwa sharti la kupima. Udanganyifu ulikuwapo, lakini mtu aliyelea yatima wa nduguye na kumwita mwanawe hakusema uongo kwa desturi yetu. Kwa hiyo hapana budi mgeni afundishwe neno linalotakiwa katika karatasi, na aambiwe pia kwamba neno hilo halipunguzi malezi wala mapenzi.

Pili, ni namna ya kuuliza. "Una watoto wangapi?" ni swali dogo kitabuni. Lakini mama aliyezika wawili, na wa tatu akapotezana naye njiani, atataja hesabu gani mbele ya watu? Tena, aliyekwisha kuhojiwa mara nyingi na maofisa huliogopa swali hilo, asije akajibu tofauti na yaliyoandikwa.

Njia zilizofaa ni hizi. Tulitumia picha ya jamaa ya kubuni, tukawapa majina watu wake, kisha tukaulizana habari zao. Maneno yote yalifundishwa, na hakuna aliyefunuliwa siri yake. Aliyetaka kusema habari za kwake alisema kwa hiari, akamtaja amtakaye, awe hai au marehemu. Tena tulifundisha mapema sentensi ya kukataa kwa adabu: "I would rather not say." Wanafunzi waliipenda sana, kwa maana iliwapa mamlaka juu ya habari zao wenyewe.

Ninyi wanafunzi mnaokusudia kuwa walimu, lichukueni jambo hili. Hata hapa kwetu, mtoto wa Kidato cha Kwanza huambiwa aandike insha ya "Jamaa Yangu", na jirani yake dawatini ni yatima. Mpeni nafasi ya kuchagua. Kiingereza atakijua vilevile, na heshima yake itabaki.