Samadi Mtoni: Je, Mto Wako Umeshiba?



Ng'ombe anapoingia mtoni kunywa, mara nyingi huacha samadi na mkojo humo humo. Ndani yake mna naitrojeni na fosforasi, virutubisho vile vile vinavyostawisha nyasi za malisho. Vikiwa vichache, mto huvitumia. Vikizidi, maji huharibika, na wanaoumia ni mifugo yako na familia zinazochota maji chini yako.

Mto unakulaje?

Okota jiwe mtoni ulishike. Ule utelezi unaousikia mkononi ni mwani, kuvu na bakteria. Hao ndio wanaonasa virutubisho kwenye maji. Wadudu wadogo hula utelezi huo, samaki hula wadudu. Viumbe hivyo vikifa na kuoza, virutubisho hurudi majini, husogea kidogo, kisha hunaswa tena. Ni kama mfugaji anayehama: anapiga kambi, anakaa, anahama tena.

Kijito chenye afya hunasa virutubisho baada ya mwendo mfupi. Kikipokea samadi kupita kiasi, hushiba. Virutubisho husafiri mbali bila kunaswa, na kuishia kwenye lambo au ziwa.

Wataalamu wanapimaje?

Huchanganya chumvi na kirutubisho kidogo, wakavidondosha mtoni taratibu. Kisha huchota maji sehemu kadhaa kuelekea chini. Chumvi hailiwi na viumbe wa mtoni. Inapungua kwa sababu tu maji mengine yameingia. Tuseme mahali fulani chumvi imebaki nusu, lakini kirutubisho kimebaki robo. Upungufu huo wa ziada ndio ulioliwa na mto. Usijaribu kipimo hiki mwenyewe kwa kumwaga mbolea mtoni.

Funzo kutoka Mto Mara

Mto Mara unatoka misitu ya Mau nchini Kenya na kuingia Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Viboko wake hula nyasi nchi kavu usiku, na mchana hushinda majini wakijisaidia. Katika madimbwi yenye viboko wengi, samadi hujikusanya chini na kuoza, na kuoza huko humaliza hewa ya oksijeni majini. Mvua kubwa ikinyesha huko juu, mafuriko husukuma maji hayo mabovu kwenda chini, na samaki wengi hufa kwa mara moja. Kundi kubwa la ng'ombe linaloshinda kwenye dimbwi dogo wakati wa kiangazi linaweza kuleta madhara ya namna hiyo hiyo.

Kagua mto wako

Linganisha sehemu ya juu ya mnyweo na sehemu ya chini yake:

1. Geuza mawe. Ukiona wadudu wadogo wenye mikia miwili au mitatu wameng'ang'ania chini yake, ni dalili njema. Ukikuta minyoo myekundu tu kwenye tope, maji yamechoka.
2. Tazama rangi. Nyuzi nyingi za kijani zinaonyesha virutubisho vimezidi.
3. Nusa. Tope jeusi lenye harufu ya yai bovu lina upungufu wa oksijeni.

Kama juu ni pazuri na chini ni pabaya, chanzo kipo kwenye mnyweo.

HATARI: Utando wa kijani au wa buluu-kijani juu ya maji yaliyotuama, unaofanana na rangi iliyomwagika, unaweza kuwa na sumu inayoua ng'ombe kwa muda mfupi. Usinyweshe hapo. Mnyama aliyekunywa akitetemeka, akilegea au akianguka, mwite afisa mifugo mara moja.

Ufanye nini?

- Vuta maji kwa bomba au pampu hadi kwenye birika lililo mbali na ukingo.
- Pasipo birika, chagueni njia moja ya kushukia yenye changarawe. Mifugo ikishakunywa, iondoeni, isilale mtoni.
- Acha nyasi na vichaka vya ukingoni. Huzuia samadi inayosombwa na mvua.
- Jenga boma mbali na mto. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.
- Samadi ya bomani ipelekwe shambani. Ikiingia mtoni ni mbolea iliyopotea.
- Familia ichote maji juu ya mnyweo na iyachemshe. Hata maji maangavu yanaweza kuwa na vijidudu vya kuhara.

Kaeni na majirani wa juu na wa chini mpange zamu na mahali pa kunyweshea. Mfugaji mmoja hawezi kuutunza mto peke yake, kwa kuwa samadi ya wa juu ndiyo maji ya wa chini.