Kanzu Iliyochanwa kwa Nyuma



Wanafunzi wetu wakubwa waliosoma riwaya ya Peponi hutuuliza: mbona kisa kinakatika kabla hakijesha? Riwaya hiyo ni ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, aliyepata Tunzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ikatoka mwaka 2022.

Tuanze na tunachokijua. Katika Sura ya 12 ya Qur-ani Tukufu, Nabii Yusuf (A.S.) anasimulia ndoto yake aya ya 4, nayo inathibiti aya ya 100. Katikati imo kanzu. Kwanza inaletwa na damu ya uongo. Kisha kanzu yake inachanwa kwa nyuma, ikawa ushahidi wa usafi wake. Mwisho kanzu inamrejeshea baba yake macho. Mwanzo na mwisho vinashikana.

Gurnah ameazima umbo hilo. Kijana wake naye anaitwa Yusuf, ana miaka 12, na anachukuliwa na tajiri Aziz. Anamwita ami, kumbe baba yake amemweka rehani kwa deni. Baadaye mke wa tajiri anamtaka, kijana anakimbia, na shati lake linachanwa kwa nyuma. Hapo msomaji Muislamu anakitambua kisa, naye anangoja heri ya mwisho: ndoto itimie, mtoto na wazee wakutane.

Haitokei. Yusuf anaukimbilia msafara wa askari wa Kijerumani, na kitabu kinafungwa. Lau tusingelikijua kile kisa cha kwanza, tungeliona kijana aliyeondoka tu. Kwa kuwa tulikuwa tukingoja, tunaona alichonyimwa. Maana ya riwaya imo katika tofauti hiyo.

Wazee wengine huingiwa na wasiwasi. Tunasema: riwaya ni maneno ya mwanadamu, si tafsiri ya Qur-ani, wala Yusuf huyu si Nabii. Lakini asiyeijua Sura atalipita lile shati kama shati tu. Basi someni Sura kwanza, kisha riwaya.

Nasi wazee tujiulize: mtoto tuliyempeleka mjini kwa "ami" yake, tumempeleka kusoma, au kutulipia deni?

Wabillahi tawfiq.