Waliolipa Madeni Wakaimba

Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Huyu Mganda, yule Mzungu, na enzi zenyewe ni za ukoloni. Hata hivyo walikaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Mkutano ule ni miongoni mwa chemchemi za Uamsho wa Afrika Mashariki, uliofika Burundi, Bukoba, Kenya na kwingineko.

Wengi walioueneza hawakuwa wachungaji. Walikuwa walimu, wauguzi, wakulima. Festo Kivengere, kabla hajawa askofu, alitoka Uganda kwenda kufundisha Dodoma miaka ya 1940, na ushuhuda wake akaenda nao darasani.

Aliyeokoka alianzia nyumbani. Alimwomba mkewe msamaha, akalipa madeni, akamrudishia mwajiri alichomwibia. Majirani waliposhangaa wakauliza, walijibiwa kwa ushuhuda na kwa pambio. Tukutendereza Yesu, pambio la Kiganda, mpaka leo linaimbwa na watu wasiojua neno jingine la lugha hiyo. Si wote waliofurahi, maana ndugu hawa walikemea dhambi hata za viongozi wao. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi wa uamsho, William Nagenda akiwamo. Hawakuacha kuimba.

Nawataja kwa sababu nawasikia Wakristo wengi wakisema hawana karama ya kuhubiri, kana kwamba Injili inasubiri spika na jukwaa. Furaha ya ndugu wale ilitoka kwenye dhamiri iliyotua mzigo. Mtu wa namna hiyo hahitaji kumvizia abiria mwenzake kwenye daladala na kumtisha na moto wa jehanamu, jambo ambalo, kwa maoni yangu, limewafungia wengi mlango.

Mfikirie fundi cherehani wiki ya Pasaka. Kaahidi gauni Alhamisi, na Alhamisi gauni liko tayari, kitambaa kilichobaki kimekunjwa vizuri pembeni. Mteja, aliyezoea njoo kesho, atauliza tu: dada, wewe mbona uko tofauti? Hapo wengi wetu hutabasamu tukanyamaza, na ndugu wale wa uamsho wasingetuelewa. Fundi na aseme, kwa upole na kwa jina, ni Yesu. Na akimkaribisha kwenye jumuiya Jumamosi, amwambie pia kwamba watu huko huimba sana.