KAMBA WASIFE: DAWA YAO NI MAJI



Wengi wenu mnaokaa karibu na mikoko mnataka kujua juu ya kufuga kamba katika vidimbwi vya maji ya chumvi. Ni kweli kamba ana bei kuliko samaki wengi. Lakini pia anaweza kutia kikundi hasara kwa usiku mmoja tu. Jioni kidimbwi ni kizima, asubuhi kamba wamelala ukingoni wamekufa, na michango ya miezi minne imekwenda nao. Hapo watu husema, "Tumelogwa," ama wanakimbilia duka la dawa. Mara nyingi si uchawi, na hakuna dawa ya kununua. Maji yaliharibika, na hakukuwa na mtu wa kuyaangalia.

Basi somo letu la leo ni hili: anayetaka kutunza kamba, atunze maji.

KAMBA ANAISHI VIPI?

Kamba hupumua kwa matamvua kama samaki. Muda mwingi yuko chini kwenye tope, na huko ndiko chakula kilichobaki, mavi na majani yaliyooza hukusanyika. Kwa hiyo uchafu ukizidi, yeye ndiye wa kwanza kuumia.

Tena mwili wake umefungwa ndani ya gamba gumu ambalo halikui. Akitaka kuongezeka, lazima alivue apate jingine. Gamba jipya huwa laini kwanza, na wakati huo wenzake wanaweza kumla. Wengi hujivua gamba siku za bamvu, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Kwa hiyo ukiona magamba matupu majini usiogope, kamba wako wanakua. Siku hizo punguzeni chakula, na msivute wavu.

HEWA YA ALFAJIRI

Maji ya kidimbwi yana rangi ya kijani kwa sababu ya mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho. Mchana mimea hiyo hutengeneza hewa ya oksijeni kwa nguvu za jua. Usiku haitengenezi, nayo yenyewe inavuta hewa pamoja na kamba. Ndiyo maana hewa hupungua usiku kucha, na saa mbaya kabisa ni kuanzia saa kumi za usiku mpaka jua kuchomoza.

Kwa hiyo zamu iliyo muhimu kuliko zote ni ya alfajiri. Mulika tochi. Ukiona kamba wamekuja juu, au wamejaa ukingoni na hawakimbii ukiwagusa, hewa imekwisha. Kama bahari imejaa, fungua mlango wa maji hapo hapo. Kama imekupwa, watu waingie kazini: choteni maji kwa ndoo mkiyamwaga kutoka juu, au yapigeni kwa makasia, mpaka jua litoke. Asubuhi hiyo msiwape chakula.

Mnaweza kuona hatari mapema kwa kipimo cha bei rahisi. Chukua kifuniko cheupe cha sufuria, kipigilie misumari kwenye ncha ya fimbo iliyotiwa alama za sentimita, ukishushe majini saa sita mchana:

1. Kikipotea machoni kati ya sentimita 30 na 45, maji ni mazuri.
2. Kikipotea kabla ya sentimita 25, mimea imezidi. Punguzeni chakula, badilisheni maji kidogo kidogo.
3. Kikionekana hata kupita sentimita 60, maji ni matupu mno. Jua litafika chini na majani yataota.
4. Maji ya kijani yakigeuka kuwa meupe ghafla, mimea imekufa na usiku huo hewa itapungua. Badilisheni maji siku hiyo hiyo.

MVUA NA CHUMVI

Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa kila lita. Yule kamba mkubwa mwenye mistari hustawi zaidi kati ya gramu 15 na 25. Anaweza kuvumilia zaidi au pungufu ya hapo, mradi mabadiliko yaje polepole. Kinachomwua ni badiliko la ghafla.

Wakati wa masika, maji ya mvua huwa mepesi, hivyo hukaa juu ya maji ya chumvi. Toeni ubao wa juu wa mlango ili maji matamu yatoke, na yale ya chumvi yabaki chini. Wakati wa kiangazi mambo hugeuka, jua linakausha maji na chumvi inapanda. Hapo ingizeni maji mapya kila bamvu.

Sheria hiyo hiyo ni ya vifaranga. Mkiwaleta, msiwamwage mara moja. Mfuko uelee kidimbwini kama nusu saa, kisha mtie maji ya kidimbwi kikombe kwa kikombe, halafu muwaache watoke wenyewe.

CHAKULA: MKONO MZITO UNAUA

Tunapenda kuona mfugo umeshiba, lakini chakula kisicholiwa huoza na kuvuta hewa. Fanyeni hesabu. Kamba 1,000 wenye gramu 10 kila mmoja ni kilo 10. Kwa asilimia 4 ya uzito wao kwa siku, wanahitaji gramu 400 tu. Hiyo si hata nusu kilo!

Gawanyeni mara mbili au tatu, na sehemu kubwa iwe jioni, maana kamba hula sana usiku. Wekeni chakula kidogo kwenye sinia lililoshushwa kwa kamba ya katani mpaka chini. Baada ya saa mbili livuteni. Kama chakula kimebaki, kesho punguzeni. Kama kimekwisha chote, ongezeni kidogo.

MSIWAJAZE KUPITA KIASI

Kidimbwi cha mita 20 kwa 30 ni mita mraba 600. Bila mashine ya hewa, wekeni vifaranga wawili kwa kila mita mraba, yaani 1,200. Tuseme nusu wakafika gramu 25. Mtavuna kilo 15. Ni mavuno madogo, lakini kikundi kinajifunza bila kufilisika. Kikundi kinachotia 6,000 hapo hapo hakitavuna mara tano.

Kabla ya kutia wengine, kausheni kidimbwi mpaka tope lipasuke, toeni tope jeusi lenye harufu, mnyunyize chokaa ya kilimo, kama gramu 100 kwa mita mraba.

SUMU ZA NYUMBANI

Kamba ni jamaa ya wadudu. Dawa inayoua mbu humwua na yeye, hata ikiwa ni kidogo sana. Kwa hiyo neti ya mbu yenye dawa isitumike kuchujia maji wala kufugia vifaranga. Pampu ya kunyunyizia dawa shambani isioshwe karibu na mfereji wa kidimbwi. Pia epukeni dawa yoyote yenye shaba.

UGONJWA WA MADOA MEUPE

Huu umetisha dunia nzima. Ulionekana kwanza Asia ya Mashariki mwaka 1992. Mwaka 2011 ulipiga mashamba ya kamba Msumbiji, na mwaka 2012 Madagaska. Kamba huacha kula, huja ukingoni, na gambani, hasa kichwani, hutokea madoa meupe. Wengi hufa katika siku 3 hadi 10. Ni virusi, na hakuna dawa ya kuutibu. Dawa za vidonge za hospitali hazisaidii kitu, zinaharibu nyama na soko.

Kinga ni hii: chujeni maji yanayoingia, zuieni kaa maana wao hubeba virusi, na msilishe mabaki ya kamba wabichi kutoka dukani. Mkiuona, fungeni mlango wa maji, msiyaachie yaende kwa jirani, na mwiteni afisa wa uvuvi siku hiyo hiyo. Ugonjwa huu haumpati binadamu, hivyo ambao wamefikia kuuzwa wavuneni kwa wavu bila kufungulia maji, mkiongozwa na afisa.

MIKOKO IBAKI

Mwaka 1978 serikali, ikisaidiwa na Umoja wa Mataifa, ilianzisha shamba la kamba Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Mikoko ilikatwa ili kuchimba vidimbwi. Baadaye shamba lilisimama, na mikoko haikurudi upesi. Mikoko ndiyo kitalu cha kamba wachanga, na ndiyo inayozuia mawimbi. Chimbeni nyuma yake, kwenye uwanda mtupu, na kwanza mpate kibali. Mkiikata mnabomoa nyumba anakokulia kamba mchanga.

KAZI YA KIKUNDI

Chagueni watu wa zamu ya alfajiri kwa kila siku ya wiki, na daftari moja la kuandika rangi ya maji, kipimo cha kifuniko, mvua, chakula na kamba waliokufa. Daftari hilo liwe muhimu kama la mweka hazina, kwa maana linalinda pesa zile zile.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Nani kati yetu anaweza kuamka saa kumi za usiku, na asipoweza nani atashika nafasi yake?
2. Maji yetu yanapita wapi kabla ya kufika kidimbwini, na ni dawa gani hutumiwa huko?
3. Tukipoteza mavuno ya kwanza yote, je, kikundi kitasimama?

Kama swali la tatu limewashinda, anzeni na kidimbwi kidogo zaidi. Mungu awabariki katika kazi ya mikono yenu.