Gurudumu la Nyuma Likilia

Gari dogo la mizigo likianza kulia nyuma, wenye magari wengi hupaka mafuta popote penye kutu na kuendelea na safari. Haifai. Mlio huo huenda ni vumbi tu, na huenda ni beringi inayokufa. Nawe umepakia magunia ya mahindi, na mbele yako pana mteremko.

Kwanza kaza nati za gurudumu, maana nati iliyolegea nayo hulia. Mlio ukibaki, tafuta mahali tambarare palipo kimya, utie alama ya chaki ubavuni mwa gurudumu. Mwenzako aendeshe polepole kama mwendo wa miguu, nawe tembea kando, mbali kidogo, ukihesabu. Mlio ukija mara moja kila alama izungukapo, ubaya umo katika gurudumu au breki yake. Ukija mara tatu au nne katika mzunguko mmoja, liache gurudumu: chunguza propela, ambayo huzunguka upesi kuliko magurudumu, na maungio yake hukauka grisi. Ukisikika penye mashimo tu, yaelekea ni springi.

Sasa dereva akanyage breki kidogo. Mlio ukibadilika au kukoma, shuku breki. Mara nyingi ni vumbi, au kijiwe kilichonaswa, au viatu vya breki vimelika hata chuma kikwaruze chuma. Usitie mafuta humo kamwe! Wala usipulize vumbi lake, kwa kuwa breki nyingi za zamani zilikuwa na asbestosi, idhuruyo mapafu. Lifute kwa kitambaa kibichi.

Beringi mbovu aghalabu hunguruma, na mngurumo hubadilika gari lipindapo. Baada ya safari, sogeza kiganja karibu na kitovu cha gurudumu pasipo kugusa, kisha linganisha na upande wa pili. Joto likizidi upande mmoja, breki imeshika au beringi imeharibika.

Ukitaka hakika, kingia magurudumu ya mbele kwa mawe, inua gari, ulitegemeze kwa magogo imara. Jeki peke yake haiaminiki. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, usipakie mzigo tena mpaka fundi alifungue. Tazama pia upande wa ndani: mafuta yakichuruzika, sili imekufa, na yakivifikia viatu, breki ya gurudumu hilo haitashika sawasawa.